Pete za Katani na Nafasi Moja ya Lori

Jumatano, 2 Julai 1975
Lori linakwenda Korogwe Jumatatu, sherehe za Saba Saba. Nafasi imebaki moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na jirani yangu Habakuki, Msambaa aliyehamia kijijini kwetu mwaka jana na tayari anapendwa kuliko mimi. Katibu wa kijiji amesema tumalizane wenyewe. Habakuki anataka kuona gwaride tu. Mimi nataka kumwona Mwanaidi, anayekaa na mama yake karibu na stesheni. Miezi sita sijamwona! Nimeshampelekea salamu kwamba nakuja. Tutaamua kwa mchezo wa pete, Jumapili, uani kwetu.

Alhamisi, 3 Julai
Mchezo wenyewe si kitu. Mchi unasimamishwa ndani ya kinu, wewe unarudi hatua saba, unarusha pete tatu za kamba ya katani ulizosokota mwenyewe. Upana wa pete ni unene wa mchi na vidole viwili, basi. Nimejaribu leo. Sikupata hata moja. Upepo wa Julai unazibeba. Mama akaja kudai kinu, ana makopa ya kutwanga. Nikamwambia asubiri, hili ni jambo la maendeleo. Akachukua kinu.

Jumamosi, 5 Julai
Nimepata dawa! Pete nzito haichukuliwi na upepo. Nimeziloweka zangu mtungini tangu adhuhuri. Mwamuzi wetu, Simeo, alizipima jana zikiwa kavu, kwa hiyo sheria sijaivunja. Habakuki amepita kuuliza kama nina kamba ya ziada, yake imeliwa na panya. Nimemwambia sina. Ninayo.

Jumapili, 6 Julai
Fedheha. Shabaha ilikuwa nzuri, haki ya Mungu! Pete ya kwanza ilitua juu ya mchi kabisa, ikakaa pale kama kofia. Haikushuka. Ya pili vilevile. Simeo akaisukuma kwa mkono, ikagoma. Mama alicheka hadi akakaa chini. Eti mtu aliyefanya kazi miaka miwili kwenye mkonge hajui kwamba katani ikilowa inajikaza? Kazi yangu ilikuwa kuhesabu matita, tena kivulini. Habakuki, kwa pete za kamba ya kuazima, akapata moja, ya kubahatisha. Imetosha.

Lakini Habakuki ana huruma. Akijua naumwa ataniachia nafasi. Nimejilaza na kumwomba mama akamwambie nina homa. Mama amekataa kusema uongo. Nimelazimika kuguna mwenyewe, karibu na dirisha.

Jumatatu, 7 Julai
Habakuki alikuja alfajiri, akasema pole, akanifunika blanketi lake, akaenda kupanda lori.

Amerudi magharibi na habari. Kumbe asubuhi dereva alisema mmoja zaidi anaweza kupanda, magunia yamepungua. Watu wakataja jina langu. Habakuki akawasihi waniache nipumzike, hali yangu mbaya. Roho imeniuma, nusura nilie.

Mwanaidi alikuwepo. Alisimama penye lori akitazama kila anayeshuka, mpaka likabaki tupu. Alipoambiwa naumwa, akasema yeye na mama yake watakuja Jumamosi kumwona mgonjwa.

Jumamosi! Siku tano nzima. Mama anasema kesho ni zamu yetu kuvuna mahindi ya kijiji, niamke mapema. Haiwezekani. Nimejifunga kitambaa kichwani, na nimeanza kukohoa kidogo kidogo ili nizoee.