Mkwe Aliyehifadhi Gemu Hewani

Takoradi nzima, mji wa Ghana, haikuwa na mtu aliyeidharau diski kama Ebo Quansah. Kwake yeye, kununua gemu dukani, ndani ya kasha, ilikuwa sawa na kuchota maji kisimani huku bomba limo jikoni!

"Gemu zangu zote ziko hewani," alijigamba. "Napakua tu. Mwizi ataiba nini? Hewa?"

Basi Jumamosi moja akaenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, Araba. Mashine yake ya gemu aliibeba kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Araba alikuwa amemwonya: "Baba anapenda gemu za mpira kuliko chakula, na diski zake anazifuta kwa kitambaa cha kanisani. Tafadhali, usimcheke."

Akamcheka!

"Baba, diski siku hizi tunawekea vikombe vya chai," alisema, akachomoa mashine ya baba mkwe, Mzee Arhin, na kuchomeka yake. "Ngoja nikuonyeshe dunia ilikofika."

Mzee akavuta kiti. Aliketi, akakunja mikono. Mama Araba akaleta banku, ugali wa unga uliochachuka, na samaki wa kukaanga, mkubwa kama kiatu cha askari.

Mashine ikawaka. Ikatambua kuwa iko nyumba ngeni, ikagoma: *Weka neno la siri la mwenye akaunti.*

Ebo akabonyeza hili, akajaribu lile. Wapi! Miaka yote mashine ilikuwa ikilikumbuka kwa niaba yake. Jasho likaanza kumtoka puani.

"Ndiyo dunia ilikofika?" Mzee akauliza kwa upole.

"Dakika moja, Baba. Nampigia fundi."

"Weka spika. Nami nijifunze."

Angekataaje? Akaweka. Simu ikapokelewa na sauti nyororo ya kike.

"Ebo? Leo umenikumbuka?"

"Fundi, habari za kazi! Naomba lile neno la siri."

Kicheko kikatoka spikani.

"Fundi! Haya, nimekuwa fundi. Ulilichagua mwenyewe, Ebo, umelisahau? Jina langu na kiapo chako: *Maameyaamkewangumilele.* Yote pamoja, usiache nafasi."

Araba akainua sahani ya samaki mbele ya Ebo, akairudisha jikoni.

Mzee Arhin alishavaa miwani. Aliandika herufi moja moja, akizisoma kwa sauti kama katekista: "Maame… Yaa… mke… wangu… Binti, hiyo *milele* ni moja au mbili?"

"Moja, Baba. Alidhani inatosha."

Gemu zikafunguka, tele!

"Na hizi zote ni za huyu kijana?"

"Zangu, Baba. Nilinunua mimi, akaunti ni yangu. Yeye tulipoachana aliondoka na mashine tu. Nilimwonea huruma, nikamwachia acheze."

"Baba, naomba nieleze…" Ebo alianza.

"Subiri, mwanangu, naongea na fundi." Mzee akaisogeza simu karibu na mdomo. "Binti, umeolewa?"

"Bado, Baba."

"Basi njoo Jumapili ule nasi. Nina mtoto wa kiume, kaka yake Araba. Gemu hajui hata moja, lakini shati alilovaa ni lake."