Kuku Thelathini wa Mizizi

Landry alikuwa mwana wa Augustin, karani wa mizigo bandarini, aliyestaafu bila gunia hata moja kupotea mikononi mwake. Augustin alizaliwa na Nephtali, mwalimu aliyewafundisha hesabu nusu ya wakubwa wa Kisangani; na Nephtali alitoka kwa Asumani wa Maniema, ambaye neno lake lilitosha mahali pa hati. Ni haki watajwe kwa heshima, maana baada yao anakuja Landry.

Jumamosi moja asubuhi, mtaani Kabondo, Landry alisimamisha pikipiki yake karibu na jiko la Mama Honorine. Mama huyu huwalaza kuku wake katika bia nyeusi yenye tangawizi, vitunguu saumu na pilipili, kisha huwachoma taratibu juu ya makaa, akiwapaka bia ile ile mpaka ngozi ing'ae kama kiatu cha bwana harusi.

Landry hakutazama kuku. Alitazama ng'ambo ya barabara, ambako waumini watatu wa kanisa lililokataza pombe hata ya kusafishia kidonda walijifanya wanangoja usafiri, huku wakimeza mate. Njaa yenye aibu: hiyo ndiyo bidhaa aliyoitafuta tangu mwaka uanze.

Kabla ya adhuhuri alikuwa sebuleni kwa Mama Ursule, kiongozi wa akina mama wa kanisa hilo, aliyekuwa akiandaa karamu ya kupokea korali ya wageni. Akamweleza, kwa sauti ya daktari, habari za kuku waliolazwa katika maji ya mizizi yaliyochemshwa na mtaalamu mmoja wa Yangambi. Maji meusi, yenye povu la afya.

"Povu ya afya," Mama Ursule alirudia.

"Ndiyo, mama. Inasafisha damu."

"Na ile harufu?"

"Mizizi, mama. Mizizi iko na tabia yake."

Mama Ursule akaagiza kuku thelathini kwa bei maradufu ya Honorine, malipo baada ya ibada. Honorine, ambaye hamkopeshi hata kaka yake, alitaka pikipiki iwe rehani: Landry asipolipa Jumapili kabla ya jua kuzama, si yake tena. Pikipiki hiyo ilikuwa kazi yake, mali yake, na sura yake mbele ya wanawake. Aliiacha bila kugeuka nyuma.

Jumapili alifika kanisani na kuku juu ya mkokoteni. Mama Ursule alimpokea mlangoni, akamtwika beseni la kwanza, akamsihi aingie nalo mwenyewe ili watu wamjue. Landry, ambaye kanisa lilimwona mara ya mwisho akibatizwa, hakuona ubaya. Ngoma zikalia, akaingia akicheza hadi madhabahuni, akizungusha kiuno kwa ustadi usiofaa mahali pale. Mabeseni mengine yakamfuata. Mchungaji akainua mikono, akaomba kwa kirefu, na watu wakala. Shemasi mmoja alifuta sahani kwa chikwangue, ule mkate wa muhogo, mpaka ikang'aa. Mzee mwingine alitangaza kwamba damu yake imekwisha kusafika.

Landry akamwendea Mama Ursule kudai malipo.

"Malipo gani, papa?"

"Ya kuku, mama. Bon, si tulipatana?"

"Tulipatana. Kisha ukaileta mbele ya madhabahu ukicheza. Kitu mutu analeta mbele akicheza, ile iko sadaka. Hata mutoto wa miaka tatu anajua. Pasta ameshaombea. Mimi nitamunyang'anya Mungu namna gani?"

Landry akashusha sauti. Akasema kwamba, alors, atawatangazia wote ile mizizi ni nini.

"Waambie," alijibu Mama Ursule. "Mimi niliuza bia miaka kumi na mbili mbele niokoke, niliijua pale uliposema povu. Anza tu na ile upande ya korali. Pale iko vijana wanabebaka magunia bandarini."

Iwapo mama huyo alitenda dhambi, ataulizwa siku yake. Siku hiyo alikuwa akitafuna paja.

Landry aliyatazama mabega ya korali, akaanza kukusanya mabeseni matupu. Jua lilipozama, alirudi nyumbani kwa miguu, na mara tatu njiani watu walimsimamisha wamshukuru kwa ukarimu wake.

Nanyi vijana, someni habari hii tena kuanzia mwanzo, safari hii mkiwa mmekaa wima. Kisha nendeni mkafanye kazi.