Kishikwambi cha Bhoke na Jiwe Langu

Jumatatu, 2 Septemba

Nimekabidhiwa kishikwambi cha Bhoke! Mtoto huyu wa darasa la saba haoni ubaoni. Ukikielekeza mahali, kinasoma maandishi na kutaja vitu kwa sauti: kiti, ndoo, kuku. Kipo pia kifaa cha masikio cha Rubeni, asiyesikia vizuri. Mwalimu mwenzangu Felistas alivitaka yeye. Nimempiku. Amesema tutaona. Ijumaa afisa elimu anakuja. Akikuta havitumiki, vinahamishiwa shule ya Morotonga.

Jumanne, 3 Septemba

Usingizi hakuna. Nina jiwe nililookota karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji ya Nyakunguru. Linang'aa! Nusu ya kijiji iko mashimoni inasaka dhahabu, mimi nala vumbi la chaki. Sasa, kifaa kinachomtambua kuku kitashindwaje kutambua dhahabu? Kesho baada ya vipindi nakiazima kidogo tu. Nani atajua?

Jumatano, 4 Septemba

Bodaboda hadi duarani kwa shemeji Waisiko, mchimbaji. Nikakielekeza kishikwambi kwenye jiwe langu. Kikasema: jiwe. Nikaligeuza. Jiwe. Waisiko akacheka, akasema jiwe halitazamwi kavu, lazima ulilowanishe ndipo mng'ao utoke. Akalilowanisha. Jiwe. Basi akaamua jicho la mashine ndilo kavu. Kabla sijamshika mkono, akapiga funda la maji ya matope na kukipulizia kamera! Nikamwelekezea yeye mwenyewe. Jiwe. Mama yangu!

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekifuta kwa kanga ya mke wangu. Nimekifukia kwenye mchele. Wapi! Bhoke amekiulizia, nikamwambia kinapumzika. Akaondoka akipapasa ukuta. Roho imeniuma. Felistas anaimba. Huyu akiimba, ujue amenusa jambo.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekwisha. Bhoke alikielekeza ubaoni: jiwe. Kitabu: jiwe. Afisa akainama akichungulie: jiwe! Darasa zima likaangua kicheko. Bhoke hakucheka. Aliuliza, mwalimu, jaribio la Jumatatu nitalisomaje? Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikasingizia vumbi. Felistas akasema ndiyo, la Nyakunguru, maana Waisiko ameshasimulia kijiji kizima. Afisa akaamuru kishikwambi kiende kwa fundi, funguo za kabati la vifaa apewe Felistas, na mimi nimsomee Bhoke maswali kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimesoma mpaka koo limekauka. Bhoke amejibu yote. Amesema nasoma mbio kuliko kishikwambi, ila angalau sijamwita mtu jiwe. Nilicheka, machozi yakanilenga. Nimeapa mbele za Mungu: kishikwambi cha mtoto sikigusi tena. Kamwe!

Jioni Rubeni amenieleza kuhusu kifaa chake. Anakaa dawati la mwisho, lakini anasikia chaki ikikwaruza ubao. La mwisho kabisa! Sasa ardhini kitasikia nini? Dhahabu haiwezi kukaa kimya miaka yote hiyo. Kifaa hulala kabatini Ijumaa hadi Jumatatu. Felistas Jumamosi anakwenda Sirari kwa dada yake, na funguo huziacha kwa mlinzi.

Niliapa kuhusu kishikwambi tu.