Uzinduzi wa Mashine ya Kufyonza Mate

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ni shemeji yangu. Waganga, wauguzi, wazazi, watoto wenye meno na watoto wenye mapengo, itifaki izingatiwe. (Makofi ya shemeji.)

Ndugu zangu, adui wa jino la mtoto ni mate! Daktari wetu wa meno, huyo aliyeinamisha kichwa, hakuchoka kunisumbua: "Mzee, dawa ya kuzibia jino haishiki penye mate. Jino likilowa kidogo tu kabla ya kuzibwa, dawa inabanduka na uozo unaendelea chini kwa chini. Watoto wana mate mengi na ulimi hautulii. Tupe mashine ya kuyafyonza." Nikamuuliza, kwa jicho la kimkakati, kwa nini tusiwatumie watoto waraka wa kusitisha mate? (Vicheko.) Mnacheka nini? Lilikuwa swali la kitaalamu.

Mnamwona binti huyu kitini, mtoto wa fundi cherehani. Jino lake limezibwa, likazibuka. Likazibwa tena, dawa ikatoka na mkate. (Mama mtu: "Halali usiku kwa maumivu, mheshimiwa! Anzeni basi!") Mama, tuliza moyo, bado tuko kwenye utangulizi. Binti, panua mdomo, wapiga picha wakuone. Zaidi. Hapo hapo.

Ndiyo maana ofisi yangu, kwa kuwashirikisha wadau wa ngazi zote katika semina zilizofanyika kwenye hoteli zenye utulivu wa kufikiri, imebuni Programu Jumuishi ya Usimamizi Endelevu wa Unyevunyevu Kinywani, itakayopunguza mate kwa asilimia mia moja na nne, hizo nne zikiwa za akiba! (Daktari anashika kichwa.) Na mashine yenyewe ndiyo hii iliyofunikwa kitambaa. (Sauti: "Ifunueni!") Kufunua ni awamu ya pili.

Jino kavu! (Watu wanatazamana.) Mnaitikia: taifa imara! Jino kavu! (Shemeji: "Taifa imara!")

Mwisho, shukrani za dhati kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliyetuazima kiti, na kwa msafisha mazulia aliyetuazima mashine yake ya kufyonza vumbi. Wote wawili wako mlangoni, wanataka vitu vyao. Binti, funga mdomo, mwanangu, ushuke. Kinyozi ana wateja.