Shali ya Sufu kwenye Shughuli ya Zuhura

Leo nimepakatwa na mama wa watu, mbele ya wanawake wa Utende nzima. Bora mnisikie mimi kabla hamjasikia kwa wengine.

Nasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni. Mwaka jana alifikia mama mmoja wa Kihindi, kwao milimani kwenye baridi. Siku moja alirudi kutoka kuangalia magofu ya Kua kalowa chapachapa, meno yanagongana. Nikampikia chai ya tangawizi, nikakaa naye mpaka akapata joto. Alipoondoka akaniachia shali yake. Ya sufu, imefumwa kwa mkono, nyekundu ya kuiva, na ncha zake zina matamvua marefu. Akanionyesha na namna ya kuivaa: unaitandaza mgongoni, ncha ya kulia unaipitisha kifuani, unaitupa juu ya bega la kushoto, unaibana kwa pini.

Nikashukuru, nikaiweka kabatini. (Joto la Mafia na sufu wapi na wapi.)

Leo basi ilikuwa shughuli ya harusi ya Zuhura, shoga yangu tangu chuoni. Sare yetu gauni la satini la kijani. Nami nilitaka kupendeza kuliko siku zote, kwa sababu Bi Saada angekuwepo. Bi Saada ni mama yake Hemedi. Wao wanakaa Kilindoni, hatujawahi kuonana, na Hemedi alishaniambia kwamba mama akiridhika, wazee watakuja kwetu na posa.

Nikavaa gauni. Nikavuta zipu ya mgongoni. Ikapanda hadi katikati, ikaachia yote. (Fundi hana kosa. Alinipima kabla sijaanza kula vya harusi.) Nje gari linapiga honi. Mtandio wangu mwepesi, unaonyesha kila kitu. Nikafungua kabati, nikajifunga shali kama nilivyofundishwa. Mgongo ukafichika. Kwenye kioo nilikuwa malkia.

Tulipofika sebuleni kwa kina Zuhura nilikuwa kuku wa kuchemsha.

"Mwanaidi, unaumwa?" akauliza Zuhura.

"Fasheni hii."

"Mbona fasheni inatoka jasho?"

Nikamwacha, nikachukua sinia la sharubati nianze kugawa. Nikafika kwenye kiti cha Bi Saada, namjua kwa picha za Hemedi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaniangalia. Akanishika shingo kwa nyuma ya kiganja. "Huyu mtoto ana homa. Kajifunika hivi, na anawaka."

"Sina homa, mama."

"Wenye homa wote husema hivyo. Jamani, leteni feni."

Feni ya kusimama ikaletwa, ikawekwa nyuma yangu, ikawashwa mwisho. Wallahi nilipata raha. Nikafumba macho kidogo. Ndipo matamvua ya bega la kushoto yalipopeperuka, yakapenya kwenye wavu wa feni, yakashikwa.

Shali ikakaza. Pini ikachomoka. Nikavutwa kinyumenyume, sinia mkononi, nikazunguka nusu, feni ikaanguka, na mimi nikakaa. Nilipokaa ni kwenye mapaja ya Bi Saada. Shali imebaki kwenye feni. Mgongo wangu wazi kuanzia shingoni mpaka kiunoni, umeelekea usoni kwake. Sharubati ya ukwaju imo kifuani kwangu.

Mtu akachomoa waya. Hata wapiga ngoma wakageuka kutazama.

Kisha nikasikia sauti nyuma ya sikio langu: "Kumbe homa yenyewe iko mgongoni."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Nikataka kuinuka nikimbie, akanizuia kiunoni. "Tulia hapo hapo, Mwanaidi. Leteni uzi na sindano." Akanishona. Nimekaa mapajani kwake, mtu mzima mimi, na mama wa Hemedi ananishona gauni mgongoni huku akiniuliza napika nini nyumbani, na mama yangu hajambo. Nikamweleza habari ya zipu, na ya yule mgeni. Naye akacheka mpaka sindano ikanichoma.

Shali haikuharibika. Zuhura alikata matamvua mawili tu kuinasua. Bi Saada akaipapasa, akasema kazi ya mikono haijifichi, akaniomba nimwonyeshe inavyovaliwa. Nikamvisha. Akaivaa kwa muda wa nyimbo mbili, akaivua anahema. "Nzuri. Lakini hii ni ya nchi ya baridi."

Wakati wa kuagana akaninong'oneza nimwambie mama kwamba Ijumaa watakuja wageni, asihangaike na mapishi mengi.

Sasa niko nyumbani. Kanishona imara sana, gauni halivuliki, na mama bado hajarudi safarini na mkasi siuoni. Basi msinichekeshe kwenye simu. Nikicheka, mshono unanibana.