Kingara, Lugha Yangu ya Kompyuta

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimesikia kwa masikio yangu. Mwalimu Bartholomayo, mkuu wetu wa shule, amesema imepatikana nafasi ya mwalimu wa kompyuta, ya mkataba kamili. Sisi wa kujitolea tuko wawili: mimi na Mwalimu Mukeshimana. Jina litapelekwa Ngara mjini Jumatatu ijayo. Moja tu.

Miaka mitatu najitolea hapa Mugoma. Mama kule Murukulazo ameshatangaza kanisani kwamba Wiston wake ni mwajiriwa. Sikumsahihisha. Sasa lazima iwe kweli.

Mukeshimana ana cheti kizuri. Mimi nina mkakati. Nimemwambia mkuu natengeneza kompaila: programu inayochukua maagizo ya Kiswahili na kuyageuza yaeleweke na mashine. Akasema vizuri sana, basi iandike barua za kuwaita wazazi kikaoni Jumamosi. Nikasema hakuna shida. Lugha nimeshaipa jina, Kingara. Kompaila yenyewe bado. Nina kurasa kumi na moja za kitabu, zinaanzia ukurasa wa arobaini.

Jumanne, 3 Februari

Nimeelewa. Nadhani. Kwanza mashine inakata maandishi vipande vipande, kila kipande kinaitwa tokeni. Neno ni tokeni, namba ni tokeni, hata nukta mbili ni tokeni. Hapo haijui maana ya chochote. Inakata tu, kama mtu anayepukuchua mahindi bila kuuliza ni ya nani.

Baadaye inazipanga tokeni kwenye mti. Mzizi uko juu, majani yako chini. Nimegeuza kitabu kuhakikisha. Ni hivyo hivyo. Mkuu amepita, ameona mchoro wangu, akauliza kama ni wa ile kampeni ya kupanda miti. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka.

Ila kukata kunafanya kazi! Nimeilisha mashine orodha ya maneno kutoka kadi zote za harusi na kipaimara nilizowahi kuchapa, kisha nikaongeza ya shuleni. Maneno mia nane na ushee.

Jumatano, 4 Februari

Aibu asubuhi. Neno la kuiamuru mashine irudie kazi ni "rudia". Mkuu akaja kujaribu, akaandika "ludia". Mashine ikagoma: tokeni haijulikani. Mkuu akauliza ni nani hajulikani, yeye? Akasema kwao wote wanasema hivyo, na shule imesimama miaka kumi na minane.

Hapo ndipo nilipopata wazo. L na R nimezifanya herufi moja. Mashine ikikuta neno lenye mojawapo, inapekua orodha, na neno la kwanza linalofanana nalo ndilo inaloandika. Mkuu akarudi, akaandika ludia, barua mia mbili zikatoka. Akanipiga bega. Mukeshimana aliona.

Akaniuliza, kwa upole wake ule unaonikera, kama hata maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu, yaani ya barua yenyewe, yanapitishwa humo. Eti ya ndani ya nukuu mashine huyaacha yalivyo. Nikamjibu mashine yangu haibagui. Wivu tu huo.

Nimehakiki barua mwenyewe. Nimemsomea mkuu kwa sauti, neno kwa neno: kila mzazi atakayefika atapewa kalamu. Mfadhili ametuletea boksi tano za kalamu. Mkuu akasikiliza, akasema sawasawa, akagonga muhuri. Wanafunzi wamezibeba, na za mbali zimeenda na basi la Biharamulo.

Alhamisi, 5 Februari

Kichwa kinauma. Mkuu ameleta agizo la mahali pa kukaa: kama mvua ikinyesha, kama wazazi ni wengi, wakae bwaloni, la sivyo wakae uwanjani. Mashine ikachora miti miwili kwa agizo moja. Nikaifuta. Ikachora tena miwili.

Mukeshimana akauliza hiyo "la sivyo" ni ya "kama" ipi. Nikasema ya zote. Akasema lazima nichague. Nikaifunga kwenye "kama" iliyo karibu nayo, maana kurasa zangu ndivyo zinavyosema. Akahesabu kwa vidole, akasema: basi mvua ikinyesha na wazazi wakiwa wachache, wanapelekwa uwanjani kuloa, na jua likiwaka hawana pa kukaa kabisa. Akanishauri kila "kama" niifungie kwa neno "mwisho". Nimerudia hesabu yake mara nne. Bado sijaielewa. Sikuongeza "mwisho".

Jumamosi, 7 Februari

Mvua, na wazazi wengi kuliko miaka yote. Wakaenda bwaloni. Mashine ilipatia, na hakuna aliyenipongeza.

Mama mmoja, Kwandu, ambaye binti yake yuko bweni, ametoka Nyarubungo alfajiri. Alikuja na beseni jipya. Wakati wa hotuba wote walikuwa wanaangalia mlango wa jikoni. Sikuelewa. Mkuu akatangaza kila mzazi apokee kalamu yake, safari njema. Wakapewa moja moja, za bluu. Kwandu akaigeuza geuza yake, akauliza kwa heshima zote kama ndiyo hii, au nyama inafuata.

Mzee Nyandwi akatoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti. Nilisikia kalamu. Bwalo zima lilisikia kalamu. Ikabidi karatasi ipite mkono kwa mkono mpaka ikanifikia. R. Imekaa katikati ya neno, imetulia. Karamu. Maneno ya harusi yalitangulia kwenye orodha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mukeshimana akaenda jikoni, akaomba ugali na maharage ya wanafunzi, wazazi wakala. Mkuu hakuniangalia.

Jumapili, 8 Februari

Mkuu ameniita baada ya misa. Nikamwamkia shikamoo, akachelewa kuitikia. Amesema jina bado hajaliandika, na Mukeshimana mwenyewe amenitetea kwa sababu ya miaka yangu mitatu. Anachotaka ni mstari mmoja kwa mkono wangu: nilikosea, naomba radhi. Nimpe kesho kabla ya saa tano, wazazi wasomewe, na nafasi ni yangu. Mstari mmoja! Nimelala kama mtoto mchana kutwa.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekaa mezani saa kumi na mbili asubuhi. Nikaandika "nilikosea". Nikasimama. Kwani nilikosea nini? Nimetafuta kosa kwa uaminifu na nimelipata: ni la Kiswahili. Herufi mbili za nini kwa watu wanaotumia moja? Nikaandika kurasa sita kwa wakubwa wa lugha, kupendekeza R iondolewe. Kisha nikaona tutamharibia Mwalimu Bartholomayo jina lake, nikaanza upya, iondolewe L.

Nimefika ofisini saa sita. Mkuu ameshaondoka kwenda Ngara na jina la Mukeshimana. Alinisubiri mpaka saa tano na nusu, akachungulia barabarani mara mbili. Mukeshimana ndiye aliyeniambia, na hakufurahi hata kidogo. Imeniuma. Mama amepiga simu mara tatu. Sijapokea.

Mukeshimana ameniomba niendelee kumsaidia kwenye chumba cha kompyuta. Nimekubali, maana kuna jambo hajaliona. Watu wa huku hawatofautishi TH na S. Kesho, kabla hajafika, nitazifanya moja.