Lebo Elfu Kumi za Chupa Mia Tatu

Jumatatu, 9 Juni

Hatimaye! Mke wangu kapata rafu ya dukani. Miaka mitatu anapika sabuni ya maji jikoni kwetu na kuiuza kwenye chupa za kuokoteza, na leo meneja wa duka kubwa la njia panda kamwambia apeleke chupa mia tatu Jumamosi, saa tatu asubuhi. Sharti moja: kila chupa iwe na lebo, na lebo isibanduke wala kuchuja ikilowa. Akishindwa, rafu anapewa mwingine. Mke wangu kalia kwa furaha. Na mimi machozi yalinilenga, sikatai.

Kisha akasema lebo atampa kaka yake. Kaka yake! Shemeji ana duka la stesheneri lenye mashine ya dijitali kubwa kama friji. Anachapa chochote, hata kipande kimoja, ukisubiri hapohapo. Mwaka juzi alinichapia kadi za biashara, na mpaka leo kila tukikutana ananiuliza biashara yenyewe iko wapi. Nikimpa na hili atavimba kichwa asipite mlangoni. Nikasema lebo niachiwe mimi. Mke wangu akanitazama weee. Akasema haya, ila nisimwangushe, maana rafu kama hiyo hapati tena. Nimwangushe? Mimi?

Jumanne, 10 Juni

Nani ana shida na shemeji? Printa yetu ya nyumbani imo chini ya kitanda siku zote. Nimechapa lebo ishirini, buluu ya kupendeza, nikazibandika kwa gundi. Mke wangu kazishika na mikono yenye maji. Buluu yote ikahamia viganjani, na kutoka viganjani ikaenda kwenye shati jeupe la shule la binti yetu. Kaniuliza: wino unaoyeyuka kwa maji, kwenye chupa inayoshikwa na maji, nilitegemea nini? Swali la kuudhi kweli. Nikachukua shati nikaenda kulifua.

Jumatano, 11 Juni

Kwa fundi wa fulana. Yeye anachapa kwa skrini: wavu kwenye fremu, rangi juu, anaikandamiza ipenye. Rangi yake haitoki hata uisugue kwa jiwe. Nikasema mambo si ndiyo haya! Kumbe maandishi ya fulana ni makubwa. Yangu madogo, ya viambato na matumizi, yakajaa rangi yakawa doa. Fundi akashauri nipunguze maneno. Nikapunguza. Akasema punguza tena. Tukabaki na neno SABUNI peke yake, na saa nne baadaye bado lilikuwa bichi.

Halafu, bila hata haya, akaniuliza kwa nini siendi kwa yule jamaa wa dijitali, kazi ya vipande mia tatu ndiyo yake hasa. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 12 Juni

Kiwandani. Kiwanda chenyewe sasa! Mashine ndefu kuliko nyumba yetu. Karatasi ya gundi inaingia imeviringwa kama jora la kitambaa, inatoka imeshakuwa lebo. Msimamizi akanieleza kwa upole kwamba kila rangi inatengenezewa pleti yake, bamba la kuchapia lenye gharama, kwa hiyo mashine haiwashwi kwa lebo chini ya elfu kumi. Kwa mia tatu, akasema, afadhali dijitali. Ebo! Wamekaa kikao au? Nikamwambia tunapanua biashara. Papo hapo akaanza kuniita mkurugenzi. Akiba yangu ya pikipiki ikaishia pale.

Akataka vipimo vya chupa. Chupa mpya zimefungiwa stoo, ufunguo anao mke wangu, na nikiuomba ataanza maswali. Nikapima dumu la jikoni anamohifadhia sabuni. Sabuni si ni ileile?

Ijumaa, 13 Juni

Saa kumi jioni majora yamefika. Yanang'aa! Nimeloweka lebo, nimeisugua, haichuji ng'o. Mke wangu alikuwa keshatoa chupa stoo, nikabandika ya kwanza. Ikaizunguka mara mbili na mkia ukabaki unaning'inia. Jina la sabuni likafunikwa na viambato. Nikachukua mkasi. Nikikata kushoto, jina linakwenda. Nikikata kulia, namba ya simu inakwenda. Salale!

Mke wangu akanikuta sakafuni na mkasi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliketi juu ya jora, akasema polepole kwamba miaka mitatu ananuka sabuni mpaka kwenye nywele, na mimi kaniomba kitu kimoja tu. Nilinywea. Nilimwonea huruma. Nikaapa mbele yake: lebo sigusi tena maishani mwangu. Akampigia kaka yake.

Saa moja na nusu shemeji kafika na lebo mia tatu za plastiki, kipimo barabara. Akayatazama majora yangu. Akauliza kama chupa zitakua.

Jumamosi, 14 Juni

Tumefika saa tatu kasoro dakika nane. Makreti yote nimebeba mimi. Meneja akachovya chupa kwenye ndoo, akaikwangua lebo kwa kucha. Haikutikisika. Mke wangu alisimama mbele ya rafu yake akipanga chupa zilizokwisha kupangwa, anacheka peke yake. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, mpaka meneja alipotaka kumjua aliyechapa, na shemeji akajisogeza mbele na kurekebisha kola. Tumeagizwa nyingine mia sita.

Jumapili, 15 Juni

Kiapo ni kiapo. Lebo sigusi.

Lakini jana, nikipakua makreti, niliona kitu ambacho shemeji na dijitali yake yote hakukiona. Vifuniko vyetu ni vyeupe pee! Havina hata herufi moja! Na kifuniko si lebo, hata mke wangu atakubali. Nimempigia msimamizi wa kiwanda. Wana mashine nyingine, inachapa juu ya plastiki moja kwa moja, ila haiwashwi kwa chini ya vifuniko elfu ishirini. Akaanza kusema kwamba kwa mia sita ni heri niende kwa... Nikamkatiza. Saa yangu ya mkononi imeshapata mnunuzi. Vipimo nampelekea kesho, mke wangu akishatoka. Nataka iwe sapraizi.